Mwantum, Mchora Maji wa Mbwera

Mwantum binti Sadala hakuajiriwa na mtu yeyote. Aliyeajiriwa ni mdogo wake, Huseni, mwaka ule alipokuja Mbwera Mdachi mmoja, Mjerumani mpimaji, mrefu, mwembamba, mwenye homa ya kudumu. Watu walimwita Bwana Nguzo, kwa sababu kazi yake ya kwanza ilikuwa kukita nguzo majini. Moja aliikita Mbwera, karibu na mdomo wa mto. Ya pili aliikita Kitope, kijiji kilichokuwa ndani zaidi, mwendo wa saa kadhaa kwa mtumbwi katikati ya mikoko. Nguzo zote mbili zilichorwa alama nyeupe na nyeusi kuanzia chini hadi juu. Huseni alikabidhiwa nguzo ya Mbwera, saa ya mezani na daftari, akaambiwa: kila saa moja, usiku na mchana, soma maji yamefika alama gani, andika.

Huseni alistahimili siku nne. Siku ya tano akalala fofofo, na dada yake, aliyekuwa mjane na aliyezoea kuamka alfajiri, akaenda akasoma yeye. Baba yao alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, akamfundisha Mwantum kusoma na kuandika pamoja na wavulana, na majirani walinung'unika hadi wakachoka. Tarakimu za Kizungu alizipata kwenye daftari lenyewe kwa siku mbili. Mwezi ulipokwisha, Bwana Nguzo alipekua kurasa akamwita Huseni.

"Kurasa hizi nne za mwanzo ni za mlevi," alisema kwa Kiswahili chake cha kukatakata. "Hizi nyingine ni za nani?"

Huseni akatazama chini. Mwantum, aliyekuwa akipepeta mchele uani, akajibu kutoka kule kule. "Ni zangu, bwana. Kama kuna kosa nionyeshe."

Kosa halikuwapo.

Tangu siku hiyo Bwana Nguzo alimletea karatasi za miraba, miraba midogo kama macho ya chandarua. Akamwonyesha kupiga mstari wa kulala kwa ajili ya saa na mstari wa kusimama kwa ajili ya kimo cha maji, kisha kutia nukta kwa kila saa aliyoandika. Mwantum alitia nukta ishirini na nne, akaziunganisha kwa mkono. Akaona mlima, bonde, mlima, bonde. Alikuwa ameishi na maji hayo tangu azaliwe, lakini hajawahi kuyaona yote kwa mara moja.

"Mbona huku juu mstari unalala, na hapa katikati unasimama wima?" aliuliza.

"Wewe wasemaje?"

"Ndivyo yalivyo. Maji yakijaa hutulia, kama yamesahau kazi. Yakifika nusu ndipo hukimbia. Anayevuka kwa miguu, maji humkuta hapo hapo katikati."

Bwana Nguzo akachukua ule ungo wa Mwantum wa kupepetea, akausimamisha kwa ubavu wake, akapaka doa la masizi ukingoni. Akauzungusha polepole kwa hatua kumi na mbili zilizo sawa, na kila hatua akampimisha Mwantum doa liko juu au chini kiasi gani kutoka usawa wa kitovu cha ungo. Vipimo hivyo vilipotiwa kwenye miraba, ukatoka mlima ule ule na bonde lile lile. Doa likiwa juu kabisa huonekana kama halipandi wala halishuki. Likiwa ubavuni hupanda mbio. Mwantum aliuzungusha ungo ule mpaka mkono ukamuuma, na mchele siku hiyo haukupepetwa.

Alijifunza kwamba wimbi lolote la namna ile linachorwa kwa kujua mambo matatu tu, ukishapiga mstari wa katikati. La kwanza ni kimo, yaani maji hupanda kiasi gani juu ya mstari huo na kushuka kiasi hicho hicho chini yake. Pale Mbwera, siku za bamvua, maji yanapojaa na kukauka kupita kawaida, mstari wa katikati ulikuwa mita mbili na kimo kilikuwa mita moja na nusu, kwa hiyo maji yalifika mita tatu na nusu yakijaa, na nusu mita yakikauka. La pili ni kipindi, muda wa kutoka mlima hadi mlima: saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano. La tatu ndilo lililompendeza kuliko yote. Wimbi la Kitope lilikuwa na kipindi kile kile, kimo kifupi zaidi, lakini lote lilikuwa limesogea kulia kwa saa mbili, kwa kuwa maji huchukua muda kupenya mikokoni. Bwana Nguzo aliuita msogeo.

"Ukijua kimo, kipindi na msogeo," alimwambia, "unaweza kuchora maji ya kesho ukiwa umelala kitandani."

"Kimo hakikai kimoja," Mwantum alisema. "Siku za maji mafu, yanapopanda kidogo tu, hicho chako kitakuongopea."

"Basi badilisha kimo. Umbo ni lile lile."

Sharti moja alilomwekea ni kuandika saa kwa hesabu ya Kizungu. Jua likichomoza, saa ya mezani ilisema sita. Adhuhuri ilisema kumi na mbili. Mwantum aliandika hivyo bila kupenda, huku kichwani akiendelea kuhesabu kama alivyohesabu mama yake: jua likichomoza ni saa kumi na mbili, adhuhuri ni saa sita.

Mwanzoni mwa mwaka 1905 homa ilimlaza Bwana Nguzo moja kwa moja, akabebwa na machela, akapandishwa meli kurudi kwao. Aliacha saa, karatasi na nguzo zake. Hakuna aliyemwagiza Mwantum kuendelea. Aliendelea.

Mwaka ule ule nchi ilichafuka. Kwanza ilikuwa pamba: kila kijiji kililazimishwa kulima shamba la serikali, na anayechelewa anachapwa mbele ya wanawe. Kisha zikaja habari za dawa, maji ya uganga ambayo akinyunyiziwa mtu risasi haimpati. Mwezi wa nane vilima vya Umatumbi vikawaka moto, na vijana wa mikokoni wakaanza kutoweka mmoja mmoja. Kitope ndiyo iliyotangulia. Watu wake waligoma kukata boriti za serikali, wakaing'oa ile nguzo ya vipimo, wakaipasua kuni, na mpunga wao wakawapikia wapiganaji waliopita.

Huseni alirudi nyumbani asubuhi moja akiwa na bua la mtama limefungwa kichwani, alama ya wenye dawa. Mwantum alikuwa akisonga ugali. Hakuinua macho.

"Umekunywa?"

"Nimekunywa na nimenyunyiziwa. Nakuja kukuaga, dada."

"Huseni, nimeyapima maji mwaka mzima. Yana nguvu, nakubali. Lakini sijaona yanayozuia risasi."

"Wewe una maji yako, mimi nina yangu," alisema Huseni. Alikuwa na hasira. "Na hata yakiwa uongo, dada, mimi silimi tena pamba ya mtu huku nashikiwa kiboko. Hilo si uongo."

Neno hilo Mwantum naye aliliamini. Alimfungia ugali kwenye jani la mgomba. Huseni alikwenda upande wa vilimani, na dada yake akaurudia mwiko wake akalia juu ya sufuria.

Baada ya wiki kama tatu, meli ya vita ilitia nanga nje ya mdomo wa mto, na boti ndogo ya moshi ikaja Mbwera na askari ishirini na afisa kijana. Uso wa afisa ulikuwa umeungua jua jipya. Alikuwa ametoka kwao karibuni na Kiswahili hakukijua hata salamu. Mkalimani wake alikuwa mtu wa pwani ya mrima aitwaye Shaabani, mwenye ndevu fupi na kanzu safi, asiyependa kutazama watu machoni.

Afisa alitaka kwenda kuiadhibu Kitope. Ramani ya Bwana Nguzo alikuwa nayo, ila alijua kwamba boti yake haipiti kwenye fungu la tope lililo nusu ya njia mpaka maji yajae. Kwa hiyo alitaka mtu wa kumwongoza. Askari wakamkamata mzee Muhidini, mvuvi mwenye magoti mabovu, na aliposema hajui njia wakamlaza chini wakatafuta kiboko.

Mwantum alikuwa amesimama kwenye kundi la wanawake. Aliwaza upesi. Kitope alikuwako Johari, binti wa mama yake mdogo, na watoto wake watatu. Akikaa kimya, Muhidini atapigwa mpaka aseme, na asipokuwa yeye atatafutwa mwingine. Akatoka kundini.

"Mwacheni mzee. Maji ninayajua mimi."

Shaabani alipotafsiri, askari walicheka. Mwantum akaenda ndani, akarudi na bunda la karatasi za mwaka mzima, akaziweka miguuni pa afisa. Kijana yule aliinama, akafunua moja, ya pili, ya kumi. Kicheko kikakatika. Akazungumza na Shaabani.

"Anasema atakwenda kesho kutwa," alisema Shaabani. "Anataka umchoree maji ya siku hiyo. Saa ngapi yanaanza kupanda, saa ngapi yanajaa hapa, na saa ngapi yanajaa Kitope."

"Nitachora."

Alikaa kibarazani mbele ya askari wenye bunduki akafanya hesabu. Siku ile maji yalijaa saa nane na dakika ishirini mchana. Kila siku huchelewa dakika hamsini, kwa hiyo kesho kutwa yangejaa saa kumi alasiri. Kitope ni saa mbili baadaye, saa kumi na mbili jioni. Bamvua, kimo mita moja na nusu. Alipiga mstari wa katikati, akatia kilele, akashuka mpaka bondeni, akapanda tena.

Alipofika kwenye kuandika saa chini ya mstari wa kulala, alisimama. Kwa mwaka mzima aliandika hesabu ya Bwana Nguzo kwa kuwa ndivyo alivyotaka. Huyu hakumwambia chochote, na wala yeye hakuona sababu ya kumkopesha adabu mtu aliyekuja kuchoma nyumba ya Johari. Akaandika saa za kwao. Penye kilele cha Mbwera akaandika kumi. Penye kilele cha Kitope akaandika kumi na mbili.

Alijua afisa ataisomaje karatasi. Kwake kumi ni asubuhi, jua likiwa limepanda. Na asubuhi ya siku hiyo, saa ile ile, maji yangekuwa chini kabisa.

Shaabani aliichukua karatasi ili aikabidhi. Akaitazama. Macho yake yakaenda kwenye ile kumi, yakatulia hapo, kisha kwa mara ya kwanza yakamtazama Mwantum usoni. Mwantum akamkazia macho.

"Imekamilika?" afisa aliuliza.

"Imekamilika, bwana," Shaabani akasema kwa Kidachi, akaitoa.

Afisa hakuwa mjinga. Aliikunja karatasi, akasema neno, na Shaabani akalitafsiri taratibu: "Anasema utakwenda nasi botini. Tukikwama, wewe ndiwe wa kwanza kufa."

"Mwambie sawa."

Asubuhi ya safari, kabla ya kupanda, afisa aliisogelea nguzo ya Mbwera na karatasi mkononi. Jua lilikuwa limechomoza punde tu. Kwenye karatasi, kwa usomaji wake, muda ule maji yalitakiwa yawe katikati, mita mbili, yakipanda. Aliinama akasoma nguzo: mita mbili. Akatabasamu, akaikunja.

Mwantum alikuwa amesimama nyuma yake. Maji yalikuwa mita mbili kweli, ila yalikuwa yakishuka. Kwenye mstari wa katikati wimbi hupita mara mbili, moja likipanda na moja likishuka, na kimo ni kile kile. Angesubiri muda wa kuchemsha chai tu angeiona alama nyeusi ikitoka majini. Hakusubiri. Alikuwa na haraka ya vita.

Boti iliingia mikokoni ikitoa moshi. Mwantum alikalishwa chini, mikono imefungwa kwa kamba, mgongo kwenye chuma cha moto. Baada ya muda afisa aliona mkondo unawasukuma, akauliza.

"Anauliza mbona maji yanakuja usoni kwetu," alisema Shaabani.

"Mwambie ni mto. Mito huenda baharini."

Walipofika fungu la tope, boti ililia, ikajikokota kidogo, ikasimama. Fundi akarudisha mashine nyuma, matope meusi yakachemka, boti haikutoka. Askari waliruka kusukuma wakazama hadi mapajani. Mizizi ya mikoko ilikuwa ikichomoza kila upande, na kaa wekundu wakatoka kutembea. Moshi wa boti ulipanda wima juu ya miti, ukaonekana Kitope, ukaonekana hata zaidi ya Kitope.

Afisa alifunua karatasi. Akatazama saa yake. Kisha akaelewa kwamba maji yanakwenda, na uso wake ukawa mwekundu kwa damu. Alimvuta Mwantum kwa kamba akapiga kelele.

"Anasema umedanganya," Shaabani alisema.

"Sikudanganya. Karatasi hiyo ina kimo cha kweli, kipindi cha kweli na msogeo wa kweli. Saa kumi leo alasiri, askari aliyebaki Mbwera aende kwenye nguzo. Asipokuta mita tatu na nusu, nikate shingo."

"Saa kumi imepita!" alifoka afisa, alipotafsiriwa, akigonga kioo cha saa yake, maana ilikuwa imepita kumi kwa hesabu yake.

"Hiyo ni kumi yake," alisema Mwantum. "Mimi nimeandika kumi yangu. Huku ni kwetu. Jua likichomoza sisi tunaanza kuhesabu, hatungoji wao watuhesabie."

Shaabani alisita. Kisha akayasema yote, neno kwa neno, bila kupunguza. Afisa akamgeukia yeye sasa: kwa nini hukuniambia?

"Mimi natafsiri maneno, bwana," alijibu Shaabani. "Karatasi sikuambiwa kuitafsiri."

Alipigwa kofi lililoiangusha kofia yake. Hakuiokota.

Walikaa kwenye tope zaidi ya saa nne, jua la kichwani, maji ya kunywa yakipungua. Askari mmoja alimpa Mwantum funda la chupa yake akajifanya hakumpa. Mashine ilipowaka tena na boti kuelea, ilikuwa saa saba kwa hesabu ya Mbwera. Walipoingia Kitope, alasiri ilikuwa imekomaa. Vinu vilikuwa uani, mchi mmoja umesimama ndani ya kinu, jiko moja bado na makaa. Mtu hakuwapo hata mmoja. Wote walikuwa wameuona moshi, wakabeba wazee na watoto, wakashika njia ya nchi kavu kuelekea Mchukwi na misitu ya nyuma yake.

Afisa alichoma nyumba zote. Alichoma na ghala za mpunga, na hilo Mwantum alilitazama bila kufumba macho, kwa kuwa alijua mpunga ule ulikuwa chakula cha mwaka mzima. Alikuwa ameokoa watu. Njaa hakuweza kuizuia.

Kesho yake waliporudi Mbwera, askari aliyeachwa pale alitoa habari bila kuulizwa: jana alasiri, jua likiwa la saa kumi, maji yalifika mita tatu na nusu, si zaidi si pungufu. Afisa aliipasua ile karatasi vipande vinne, na shingo ya Mwantum ikasalimika.

Mwantum alipelekwa kwenye boma moja kusini mwa mto, akatiwa mnyororo pamoja na wanawake kumi na mmoja. Mwaka mmoja na miezi minane alitwanga nafaka ya askari. Msimamizi alizoea kuwaita kwa namba. Mwantum alikuwa namba saba, na kila alipoitwa saba hakuitika mpaka aitwe jina lake. Alikula fimbo kwa hilo, akaendelea kutoitika. Mwishoni msimamizi alichoka, akawa anasema, "Binti Sadala, njoo." Wenzake nao wakaanza kuyadai majina yao.

Alitolewa katikati ya mwaka 1907, amekonda, bega moja limeshuka. Nchi nzima ilikuwa inakula ming'oko na mizizi ya porini, na njiani alipita mashamba yaliyoota majani marefu kuliko mtu. Huko huko njiani alikutana na mtu wa kijiji cha Dimani aliyekuwa na Huseni vilimani. Alimwambia Huseni alianguka siku ya kwanza ya mapambano, akiwa mbele, na kwamba hakuwahi kurudi nyuma hata hatua moja. Kaburi lake hakuna alijuaye. Mwantum alikaa chini kando ya njia, akamsomea mdogo wake Fatiha pale pale, kisha akauliza njia ya Mchukwi.

Alimkuta Johari hai. Mtoto mmoja kati ya watatu alikuwa amekufa kwa njaa. Wawili waliobaki, wasichana, walikuwa na macho makubwa na miguu ya vijiti. Walikumbatiana, kisha Johari akasema, "Walituambia wewe ndiye uliyewakwamisha."

"Maji ndiyo yaliyowakwamisha," alisema Mwantum. "Twende nyumbani."

"Nyumbani wapi, dada? Jumbe amesema Kitope haipo tena. Imefutwa. Serikali inataka watu wote wakae barabarani, Kibiti, wanapoweza kuonekana."

Mwantum alikwenda kwa jumbe mwenyewe, mtu mnene aliyewekwa na serikali, akamsalimia kwa heshima yote. Jumbe akamweleza kwamba kwenye karatasi mpya hakuna kijiji kinachoitwa Kitope.

"Karatasi nazijua, jumbe," alisema Mwantum. "Nimechora nyingi. Nchi haingoji kuchorwa."

"Utafungwa tena."

"Nimeshafungwa. Najua kunakuwaje."

Wiki ile ile, yeye, Johari na wale wasichana wawili walipanda mtumbwi wa kuazima, wakaingia na maji yakijaa, wakashuka Kitope mchana kweupe. Hawakujificha. Walikata miti ya boriti bila kibali cha mtu, wakasimamisha nyumba moja juu ya majivu ya zamani, wakaiezeka kwa makuti. Jumbe alituma mtu mara mbili kuwafukuza. Mara ya kwanza Mwantum alimpa mtu huyo maji ya kunywa, akamwambia arudi salama. Mara ya pili yule mtu alikuja na mkewe na mzigo wake wa vyungu, akaomba aonyeshwe mahali pa kujenga.

Masika ya tatu yalipokuja, Kitope ilikuwa na nyumba kumi na saba na mpunga ulisimama hadi kifuani.